Somo la 9: Kufuli, Mbwa na Jirani

Masomo yaliyotangulia yalieleza namna ya kuongeza mazao na kufuga vizuri. Lakini mali ikishapatikana haina budi kutunzwa. Mkulima wa Shinyanga anauza pamba yake na kununua ng'ombe wawili. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anapata gramu chache za dhahabu baada ya miezi mingi ya jasho. Mama wa Katoro anafungua duka la vitenge. Usiku mmoja tu wa wizi unaweza kuwarudisha wote watatu pale walipoanzia.

Siku hizi wauzaji wanatuletea vyombo vingi vya ulinzi: kamera, ving'ora, taa za nguvu ya jua na nyaya za umeme. Kila muuzaji anasema chombo chake kitamfukuza mwizi. Je, ni kweli? Je, faida yake inalingana na fedha tunazolipa? Tusome, tupige hesabu, kisha tuamue wenyewe.

1. Mwizi naye hupiga hesabu

Mwizi hapendi taabu. Kabla ya kuingia katika nyumba hujiuliza maswali manne:

(a) Ndani kuna nini?
(b) Nitaingia kwa urahisi?
(c) Kuna mtu atakayeniona au kunisikia?
(d) Nikionekana, kuna mtu atakayekuja?

Tuyakumbuke maswali haya manne. Chombo cho chote cha ulinzi tukipime kwa maswali hayo. Kikibadilisha jibu la mwizi, chombo hicho kina maana. Kisipolibadilisha, ni pambo tu.

2. Tuvipime vyombo vyetu

Ua. Tangu zamani Wasukuma wamepanda minyaa kuzunguka kaya zao. Utomvu wake huwasha na kudhuru macho, na gharama yake ni jasho tu. Ua huu hujibu swali la (b). Lakini ukiachwa ukawa mrefu na mnene mno, humficha mwizi. Akishaingia ndani, hakuna jirani atakayemwona. Kwa hiyo ua upunguzwe, mtu aliye njiani aweze kuona mlango.

Mlango na kufuli. Wengi hununua kufuli kubwa na kulitia kwenye komeo lililoshikwa na misumari miwili. Mwizi hahangaiki na kufuli hilo, anang'oa komeo. Wengine huacha bawaba za mlango upande wa nje. Funga komeo na bawaba kwa bolti zinazopenya mbao hadi ndani. Kama nyumba ni ya matofali mabichi, kumbuka ya kwamba ukuta nao hutobolewa. Usiweke kitu cha thamani karibu na ukuta wa nyuma.

Mbwa. Mbwa mzuri humwambia mwizi kwamba ameonekana, na humwamsha mwenye nyumba. Kanga nao hupiga kelele wakiona mgeni. Lakini mbwa mwenye njaa hununuliwa kwa kipande cha nyama. Mlishe mbwa wako, na umpeleke kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Taa. Taa ya nguvu ya jua ni nzuri, mradi kuna mtu wa kutazama. Taa inayomulika mahali pasipo na macho ya mtu humsaidia mwizi kuona kazi yake.

Kamera. Kamera huona, lakini haimshiki mtu. Humtia hofu mwizi anayejulikana kijijini. Yule mgeni aliyefunika uso haijali sana. Tena kamera inahitaji umeme na bando kila mwezi. Migodi mikubwa ina kamera, seng'enge, taa na walinzi wa zamu usiku na mchana. Kamera zao zinatazamwa na mtu, na mtu huyo ana wenzake wa kuwatuma. Je, kamera ya nyumbani kwako itatazamwa na nani saa nane za usiku?

King'ora. King'ora ni yowe la mashine. Yowe lina maana ikiwa kuna wa kuliitikia. Kama hakuna, ni kelele tu, na mwizi atazizoea.

Waya wa umeme. Wako watu wanaounganisha waya wa umeme wa nyumba na mlango au uzio ili umpige mwizi. Ndugu msomaji, usifanye hivyo kamwe! Umeme haumjui mwizi. Utamuua mtoto anayefuata mpira, au jirani anayekuja kukusaidia. Nawe utajikuta mbele ya hakimu.

3. Tupige hesabu

Mama mmoja ana duka lenye mali ya shilingi 1,500,000. Anafikiria njia mbili. Bei hizi ni za mfano tu. Ulizeni bei za kwenu.

Njia ya kwanza:
Kamera mbili na chombo cha kurekodi: sh. 450,000
Betri na paneli ya nguvu ya jua: sh. 250,000
Bando, sh. 20,000 kwa miezi 12: sh. 240,000
Jumla ya mwaka wa kwanza: sh. 940,000

Njia ya pili:
Kufuli mbili imara: sh. 40,000
Bamba la chuma na bolti za mlango: sh. 60,000
Taa moja ya nguvu ya jua: sh. 50,000
Chakula na matibabu ya mbwa: sh. 120,000
Mchango wa ulinzi wa kitongoji, sh. 3,000 kwa miezi 12: sh. 36,000
Jumla ya mwaka wa kwanza: sh. 306,000

Tofauti ni sh. 634,000. Njia ya kwanza inakula zaidi ya nusu ya thamani ya mali inayolindwa. Kama duka lingekuwa na mali ya sh. 30,000,000, hesabu ingekuwa nyingine, na kamera ingestahili kufikiriwa. Basi ulinzi ulingane na mali.

4. Someni mazungumzo haya

Fundi: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda.
Fundi: Asante. Mama, nimekuletea kamera. Ukiwa na hii, mwizi hakanyagi hapa.
Mama: Na akikanyaga?
Fundi: Simu yako italia, utamwona.
Mama: Nitamwona. Kisha?
Fundi: Kisha utapiga simu polisi.
Mama: Kituo kiko mbali, na mvua ikinyesha mto haupitiki. Nani atafika kwanza?
Fundi: Majirani, mama.
Mama: Majirani wanajua wafanye nini simu yangu ikilia?
Fundi: Hapo sijui, mama. Hilo mimi siuzi.
Mama: Basi, mwanangu, ngoja kwanza nikalitafute hilo usilouza. Nikishalipata, rudi tuzungumze bei.

Mama huyu hakuikataa kamera. Aliuliza swali la (d). Ni swali ambalo watu wa Shinyanga waliwahi kulijibu wenyewe, kama tutakavyoona.

5. Habari ya Sungusungu

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979. Baada ya vita hali ya maisha ilikuwa ngumu, bidhaa zilikuwa adimu, na silaha nyingine ziliangukia mikononi mwa majambazi. Wizi wa ng'ombe ulizidi. Polisi walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa sehemu za Kahama, Nzega na Shinyanga walianzisha ulinzi wao. Uliitwa Sungusungu. Sungusungu ni wadudu weusi wanaouma. Mmoja ukimkanyaga anakufa, lakini wakitoka kwa wingi hata mnyama mkubwa hukimbia. Wenyewe walijiita pia Basalama, yaani watu wa amani.

Walikuwa na pinde, mishale na filimbi. Mkuu wao aliitwa ntemi, kama watawala wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi. Chini yake walikuwapo makamanda na katibu. Mtu alipoibiwa alipiga yowe, liitwalo mwano kwa Kisukuma. Kila aliyesikia alilazimika kutoka na kulipokeza mbele. Wengine walifuata nyayo za ng'ombe. Wengine walikimbilia njia panda na vivuko ili kumzuia mwizi. Mtu asiyeitikia yowe alitozwa faini.

Ulinzi huo ulienea hadi Mwanza, Tabora na Singida. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza; imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Mwanzoni baadhi ya viongozi wa serikali walikuwa na mashaka, na baadhi ya Sungusungu walishtakiwa. Lakini mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na Sungusungu wakapata nguvu ya kisheria ya kukamata watuhumiwa.

Tujiulize: hawa walikuwa na chombo gani? Hawakuwa na kamera wala king'ora. Walibadilisha jibu la swali la (d). Zamani mwizi alijua hakuna atakayekuja. Sasa alijua watakuja watu mia.

6. Yowe likikosea, mtu hufa

Hatuna budi kusema na upande wa pili. Baadhi ya Sungusungu walifanya makosa makubwa. Waliwapiga watuhumiwa ili wakiri. Waliwatoza watu faini kubwa za ng'ombe bila kesi. Wako watuhumiwa waliouawa. Tena wengine waliwageukia akina mama wazee na kuwaita wachawi. Bibi mwenye macho mekundu alishukiwa, kumbe macho yake yameharibiwa na moshi wa jiko alilopikia miaka arobaini. Bibi wengi wa Shinyanga, Mwanza na Geita wamepoteza maisha kwa shutuma za namna hiyo, mikononi mwa watu mbalimbali.

Sheria inawabana hata wenye bunduki za serikali. Katika miaka ya 1970 watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola waliteswa na kufa mkoani Shinyanga. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya mambo hayo, ingawa si yeye aliyewapiga. Baadaye, mwaka 1985, alichaguliwa kuwa Rais. Kama waziri aliwajibika kwa mtuhumiwa kupigwa, sembuse mimi na wewe?

Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka itakapothibitika kwamba ana hatia. Anayethibitisha ni mahakama, si umati wa watu wenye mawe. Katika machimbo wageni ni wengi. Wako wanaotafuta kazi, waliopotea njia usiku, walevi, na wagonjwa wa akili. Mgeni si mwizi. Tena mtu mwenye chuki anaweza kumpigia adui yake yowe la uongo. Ng'ombe aliyeibiwa anaweza kupatikana. Mtu aliyeuawa kwa makosa hapatikani tena.

Kwa hiyo mtuhumiwa akikamatwa, fanyeni hivi:

(1) Mzungukeni asikimbie. Msimpige.
(2) Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji mara moja.
(3) Pigeni simu polisi, namba 112.
(4) Andikeni saa, mahali, vitu alivyokutwa navyo, na majina ya mashahidi.
(5) Mkabidhini kwa polisi bila kuchelewa, akiwa mzima.

Kikundi cha ulinzi kisichofuata hatua hizi hakitulindi. Leo kitamchukua jirani, kesho kitakuja kwako.

7. Jambo kama hilo huko Uingereza

Msidhani ya kwamba ujirani ni ulinzi wa maskini tu. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, kuna mtaa uitwao Kirkholt wenye nyumba zaidi ya 2,000. Katika miaka ya 1980 wizi wa majumbani ulizidi mno katika mtaa huo. Wataalamu walichunguza kabla ya kununua cho chote. Wakaona mambo mawili.

Kwanza, nyumba nyingi zilikuwa na mita za umeme na gesi zilizolipiwa kwa kutumbukiza sarafu. Mita hizo zilikuwa kama sanduku la fedha ndani ya nyumba, na wezi walijua. Pili, nyumba iliyoibiwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa ya kuibiwa tena.

Basi waliondoa mita za sarafu. Waliimarisha milango na madirisha ya nyumba zilizokwisha kuibiwa. Kisha waliwaomba majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa waiangalie. Katika miezi mitano ya kwanza wizi ulipungua kwa karibu sehemu 4 katika 10, na katika miaka iliyofuata ulizidi kupungua.

Tazameni! Nyumba chache za jirani kuangaliana: je, hilo si lile lile la nyumba kumi kumi tulilolizoea hapa kwetu?

8. Ondoa chambo

Kirkholt inatufundisha kwamba ulinzi wa kwanza ni kubadilisha jibu la swali la (a): ndani kuna nini? Mwizi akijua hakuna kitu, haji.

Mchimbaji anayelala na dhahabu chini ya mto analala na chambo. Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, la kwanza la namna yake nchini. Mchimbaji anaweza kuuza huko kwa uwazi na kupata hati ya mauzo. Fedha zake azitie benki au kwenye simu, asirudi nazo nyumbani mfukoni. Namba ya siri asimpe mtu, hata rafiki.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Huo ni utaratibu mzuri, lakini unazuia wizi wa mwanachama, si wa jambazi. Jambazi hubeba sanduku zima. Fedha zikiwa nyingi zipelekwe benki.

Tena tusijisifu. Aliyeuza ng'ombe mnadani akinywesha kilabu kizima, ameshatangaza. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mdomo mmoja huvunja nyumba.

9. Kalamu nayo ni ulinzi

Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Andika katika daftari rangi, pembe, chapa na namba ya hereni ya kila ng'ombe wako. Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itaonekana namba ndefu. Iandike na uitunze mahali pengine. Ukiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo. Mali iliyoandikwa ni ngumu kuiuza na ni rahisi kuidai.

Kitongoji nacho kiwe na daftari la zamu na daftari la mapato na matumizi ya michango ya ulinzi. Michango isiyosomwa mbele ya mkutano huua ulinzi upesi kuliko mwizi.

10. Sasa tujibu swali letu

Je, vyombo vya ulinzi vina faida? Ndiyo, kama vimefuata utaratibu huu: kwanza ondoa chambo; pili imarisha mlango; tatu patana na majirani kuhusu yowe na zamu; nne, kama mali ni kubwa na kuna mtu wa kuitikia, ongeza taa, king'ora au kamera. Anayeanza na la nne na kuyaacha matatu ya mwanzo amenunua chombo cha kumwonyesha namna alivyoibiwa.

Maneno ya kujifunza

Bawaba: vyuma vinavyoshika mlango ili ufunguke na kufungika.
Chambo: kitu kinachotumiwa kumvuta samaki au mnyama ili anaswe.
Kupokeza: kumpa mwingine ili naye aendeleze.
Mtuhumiwa: mtu anayedhaniwa kufanya kosa, lakini bado haijathibitishwa.
Shutuma: maneno ya kumlaumu mtu kwamba amefanya kosa.

Maswali

1. Taja maswali manne ambayo mwizi hujiuliza.
2. Kwa nini ua mrefu mno unaweza kumsaidia mwizi?
3. Sungusungu walibadilisha jibu la swali gani? Kwa njia gani?
4. Kwa nini si halali kumpiga mtuhumiwa hata kama amekutwa na mali?
5. Mita za sarafu za Kirkholt zinafanana na nini katika kijiji chenu?

Hesabu

Kitongoji kina kaya 64. Kila kaya inatoa sh. 3,000 kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi. Mwezi huu kaya 9 hazikutoa. Tochi nne zilinunuliwa kwa sh. 12,500 kila moja. Zimebaki shilingi ngapi?

Kazi ya darasa

Nendeni wawili wawili mkaangalie milango ya nyumba zenu. Andikeni mahali palipo dhaifu na gharama ya kutengeneza. Kisha jadilianeni: usiku huu yowe likilia, nani atatoka, nani atabaki na watoto, nani atapiga simu, na nani atahakikisha mtuhumiwa hapigwi? Andikeni majina hayo katika karatasi moja, mkaisome mbele ya mkutano wa kitongoji.